Maji ya Samaki, Maji ya Mtoto

Binti yangu aliniachia mtoto wake akiwa na miezi miwili na siku chache. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa chuo cha ualimu, na bwenini hapakuwa na pa kulaza kichanga. Alisimama mlangoni na begi lake, gauni limelowa maziwa kifuani, akasema, "Mama, nakukabidhi." Mimi na mdomo wangu nikamjibu, "Nenda kasome. Nimewachemshia madaktari vyombo maisha yangu yote, nitashindwa na chupa moja?" Akacheka huku analia, akaenda kupanda basi la Katesh. Nikabaki na mtoto mgongoni na kopo la maziwa ya unga mezani.

Hilo la kuchemsha nilieleze. Kazi yangu ya hospitalini ilikuwa chumba cha vyombo: mikasi, koleo, sindano za kioo za zamani, mabeseni ya upasuaji. Nilivichemsha, nikavifunga kwa kitambaa safi, nikavipeleka vilikotakiwa. Sikuwahi kumdunga mtu sindano hata moja, lakini nilipostaafu na kurudi nyumbani Masakta watu waliniita nesi, na mimi sikuwasahihisha. Nilichokijua kuliko wanakijiji wote ni kwamba vijidudu hufa katika maji yanayotokota, na asiyeamini hivyo nilimwona mshamba. Nilichemsha maziwa, nilichemsha maji ya kunywa, nilichemsha vijiko na matambara ya kufutia meza. Mume wangu alikuwa akisema iko siku nitamchemsha na yeye.

Tangi la samaki alilileta yeye, wiki mbili tu kabla ya mtoto kuja. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, na zilipofika siku za ubinafsishaji, mashamba yakaanza kugawanywa na watu kupunguzwa kazi, kila mtu akaondoka na kiinua mgongo chake na kile alichoweza kubeba kutoka nyumba zilizoachwa na wataalamu wageni. Wenzake walibeba vitanda, makochi, friji. Mume wangu alikuja na sanduku la kioo refu kama hori la kulishia ndama, amelifunga kwa magodoro mawili juu ya trela. Zamani aliwahi kumtengenezea jenereta mtaalamu mmoja, akamkuta ameketi mbele ya tangi hilo ametulia, haongei na mtu. Akadhani yule mzungu anaumwa. Kumbe ugonjwa ulikuwa wa kuambukiza.

"Wenzako wameleta friji," nikamwambia.

"Friji ya nini na umeme hatuna?"

"Na hiyo pampu yako itaendeshwa na pumzi zako?"

Akanionyesha paneli ya jua na betri ya trekta, amekwisha kuziunganisha na pampu ndogo ya hewa iliyokuwa ikinguruma kama paka. Nikaondoka hapo, nikaenda kuchemsha vijiko.

Samaki walitoka ziwa Basotu. Mvuvi mmoja alimpa perege wadogo tisa ndani ya ndoo, wa urefu wa kidole, akashangaa mtu anachukua samaki ambao hata kikaangio hakiwataki. Tukajaza tangi kwa maji ya mvua, tukawatia. Wiki ya kwanza wakafa watatu. Nilimcheka mume wangu mpaka nikaona macho yake. Mzee mzima, mikono imejaa makovu ya spana, ameshika samaki aliyekufa kwenye kiganja kama ameshika kipande cha kanga ya marehemu mama yake. Hapo ndipo nikaingia kwenye mambo ya samaki. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini kubwa zaidi ilikuwa hasira: ndani ya nyumba yangu, nyumba ya mtu wa usafi, kiumbe anakufaje kwa uchafu?

Ndani ya katoni iliyokuja pamoja na tangi kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi ya binti yangu, mtoto amelala mapajani. Kilisema samaki hukojoa katika maji anayovuta pumzi, na mkojo huo na mavi yake hutoa amonia, sumu inayomchoma matamvua. Wako bakteria wanaoila hiyo amonia na kuigeuza sumu ya pili. Wako wengine wanaoila sumu ya pili na kuigeuza ya tatu, inayoitwa naitreti, ambayo ni pole kwa samaki lakini ikijaa nayo inamdhoofisha. Bakteria hao hawaelei hovyo majini. Wanataka pa kushika. Kwa hiyo kazi ya chujio si kuchuja takataka peke yake, ni kuwapa bakteria makao, na mwenye tangi anatakiwa achague makao ya namna gani.

Nilikisoma hicho kijitabu mara tatu nikidhani kamusi imenidanganya. Miaka yote ile nilikuwa nawaua, leo naambiwa niwajengee nyumba.

Tukaanza kubishana. Mume wangu alitoboa ndoo ya plastiki chini, akaiweka juu ya tangi. Pampu ya hewa ilisukuma maji kupitia mpira hadi kwenye ndoo, nayo yakarudi tangini taratibu. Ndani ya ndoo tuweke nini? Mimi nilitaka vipande vya sponji ya godoro. Sponji ina vitundu vingi, na tena, nikasema, inachemshika. Yeye alitaka mawe mepesi ya mlima Hanang, yale meusi na mekundu yaliyojaa matundu, ambayo mtoto anaweza kubeba lililo kubwa kama kichwa chake. Alisema jiwe lile ni nyumba yenye vyumba vya nje na vya ndani. Kijitabu nacho kilitaja mkaa na vipande vya matofali ya kuchoma. Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa, tukaanza na sponji.

Kila Jumamosi niliitoa ile sponji, imeota utelezi wa kahawia unaochukiza, nikaichemsha na maji ya sabuni, nikaisuuza, nikairudisha ikiwa nyeupe. Nilijivunia sana. Kufikia mwisho wa mwezi samaki walikuwa wamebaki wanne. Nikalaumu godoro, kwamba lina dawa za kiwandani. Tukahamia vipande vya matofali, navyo nikavichemsha kila Jumamosi. Samaki mwingine akafa. Mume wangu alianza kwenda kukaa nje baada ya kula, na hilo lilinikera kuliko matusi.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mama wa kifugaji wa huku bondeni, aliyekuwa akituletea maziwa. Tulikuwa rika moja na tulitaniana bila kuchoka. Yeye alinicheka kwa kuchemsha maziwa yake kana kwamba ng'ombe wake wana upele, mimi nilimcheka kwa bangili zake zilizomfanya asikike kabla hajaonekana. Siku hiyo alinikuta uani na sufuria ya matofali inatokota.

"Nesi, leo mnakula nini?"

"Matofali."

Akachungulia, akaangalia uso wangu, akaketi kabisa. Nikamweleza habari ya wale wadudu wanaokula mkojo wa samaki. Hakushangaa hata kidogo. Alishangaa kuhusu sufuria.

"Sasa wewe unawapikia moto halafu unataka wafanye kazi?" Akainua kibuyu chake cha maziwa ya mgando. "Hii kibuyu ni ya mama yangu. Mimi nasugua kwa mkaa wa mti, namwaga, basi. Siku nikitia sabuni na maji ya moto kama wewe, maziwa ya kesho hayashiki. Yanaoza tu. Ile inayogandisha inakaa humo ndani, kwenye ukuta. Ukiifukuza unaanza upya."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu nilielewa palepale, na aliyenielewesha ni mtu niliyekuwa nikimchemshia maziwa yake mbele ya macho yake. Lakini nilizima moto. Mume wangu siku ya pili alikwenda kwa baiskeli na gunia kuelekea miguu ya mlima, akarudi na mawe yake. Tukayaosha kwa maji baridi kutoa vumbi, tukayapanga: makubwa chini, madogo juu, tukapunguza kasi ya maji ili yapite polepole kwenye vyumba vya ndani. Kijitabu kilisema ndani kabisa ya jiwe, hewa isikofika, hukaa bakteria wa aina nyingine wanaoweza kuila hata hiyo naitreti. Nikaapa sitayagusa kwa moto.

Wiki sita sikuyagusa. Mikono iliniwasha. Niliona utelezi unaota juu ya mawe nikageuza uso pembeni. Mdogo wangu anayeishi Arusha, ambako soko huria lilikuwa limefika mpaka kwa samaki wa mapambo, alinitumia kwa basi kiboksi cha vichupa vya kupimia maji. Unatia maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unalinganisha rangi na karatasi. Amonia: hakuna. Sumu ya pili: hakuna. Samaki watatu waliobaki wakachangamka, wakaanza kukimbizana. Mume wangu akarudi kukaa ndani. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilimbeba mtoto mbele ya kioo nikamwambia, "Ona, bibi yako ameshinda." Alikuwa mtoto wa kunenepa siku hizo, mashavu mawili yanagombania uso. Kila Jumapili tulipanda kilima penye mtandao na simu ya mume wangu, nikamwekea binti yangu mlio wa mtoto sikioni, naye aliniuliza swali lilelile: "Anakula vizuri, mama?" Na mimi nilimjibu lilelile: "Anakula kuliko babu yake."

Masika yalipokwisha, tangi letu la saruji la maji ya mvua likakauka mpaka chini. Haikututisha. Mume wangu alikuwa ametumia sehemu ya kiinua mgongo chake kuchimba kisima pale nyumbani, na watu walikuja kutupongeza. Wengine bado walikuwa wakienda mbali na punda kwa ajili ya madumu manne. Maji yalikuwa meupe kama machozi. Nikahamia kisima kwa kila kitu.

Wiki chache baadaye vichupa vikaanza kuniambia habari mbaya. Sumu mbili za kwanza hakuna, lakini naitreti ilikuwa inapanda. Kutoka njano ikaja rangi ya chungwa. Nikasoma tena kijitabu: ikipanda, badilisha sehemu ya maji. Nikabadilisha robo. Ikapanda. Nikapunguza chakula, nikaongeza mawe, nikaweka ndoo ya pili ya mawe chini ya ile ya kwanza. Ikapanda. Nikabadilisha nusu ya maji, kwa maji niliyoyachemsha vizuri na kuyapoza, kwa sababu mawe niliyaapia lakini maji sikuyaapia. Rangi ikawa nyekundu. Samaki mmoja akaanza kukaa kona moja, mapezi yamebana. Nilikuwa nimepandwa na mori. Niliwaza hayo mawe asubuhi mpaka jioni: labda ni makubwa mno, labda maji yanapita haraka, labda wale bakteria wa vyumba vya ndani hawajafika.

Na mtoto naye alikuwa amebadilika.

Nitalisema hili kama lilivyokuwa. Mtoto alianza kupoa. Mashavu yalikuwepo, lakini kilio kilikuwa kifupi, na akinyonya chupa alichoka katikati, akipumua kama aliyepanda mlima. Kisha midomo ikaingia rangi, buluu ya majivu, na kucha pia. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa Hanang unakata, nikasema ni baridi. Nikamvisha sweta mbili na kofia ya sufu. Jirani yangu wa maziwa alimtazama, akasema mtoto huyu rangi yake si ya baridi. Nikamjibu vibaya. Baadaye nikampeleka zahanati. Mganga alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema mapafu ni mazuri ila nimpeleke hospitali ya Haydom akapimwe moyo, na nisichelewe. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikasema nitakwenda na basi la Jumatatu, kwa sababu Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kupamba kanisa. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi na halijawahi kuwa na sababu nzuri.

Nilimwongezea maziwa, nikidhani anapungukiwa nguvu. Na maji ya maziwa hayo niliyachemsha kuliko wakati wowote, maana mtoto mgonjwa hapewi maji ya mchezo. Niliacha sufuria itokote mpaka maji yapungue theluthi nzima, ndipo nikaridhika kwamba hakuna kijidudu kilichopona.

Jumamosi mchana nilibadilisha tena nusu ya maji ya tangi. Nikapima. Nyekundu kuliko asubuhi. Nikaketi kwenye kigoda nimekishika kile kichupa, na kwa mara ya kwanza hasira ilinisaidia, kwa sababu nilisema kwa sauti, "Basi shetani yumo kwenye maji yenyewe." Nikachota maji ya kisima kwenye ndoo, ambayo samaki hajayagusa, nikapima. Nyekundu. Mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Chini ya pipa la bafuni kulikuwa na maji kidogo ya mvua yaliyosalia, nikayapima: njano safi. Kisha nikachota kwenye sufuria iliyokuwa jikoni, mabaki ya maji niliyoyachemsha asubuhi, mengine nimewatilia samaki, mengine nimejazia chupa ya chai kwa ajili ya maziwa ya mtoto.

Hayo yalikuwa mekundu kama damu ya kuku.

Mume wangu alitoka nje. Nilimfuata na kumkuta ukingoni mwa kisima, anatazama juu, kwenye zizi. Nami nikatazama. Sisi tumetoka Mbulu juu, kwenye miteremko, ambako mashamba ni madogo na samadi ni mali kuliko mahindi yenyewe. Kwetu zizi hukaa upande wa juu, na mfereji hushusha mkojo na mavi ya ng'ombe pamoja na mvua mpaka shambani, bila mtu kubeba hata karai moja. Babu wa mume wangu alifanya hivyo, baba yake alifanya hivyo, na tulipohamia Masakta tukajenga zizi juu, nyumba katikati, shamba chini, tukajisifu kwamba wenyeji wa huku hawajui kutunza ardhi. Kisima kilichimbwa pale fundi wa visima alipoona majani mabichi. Majani yalikuwa mabichi kwa sababu yalikuwa yakinywa zizi letu miaka kumi na tano.

"Mkojo," alisema.

Nilirudi ndani kuchukua ile karatasi ya rangi, na hapo chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari ambao nilikuwa nimeuona kila mara nilipopima. Ulisema maji yenye rangi ile asipewe mtoto mchanga. Nilikuwa nauruka kwa sababu haukuhusu samaki.

Siwezi kueleza nilivyomchukua yule mtoto kitandani. Mume wangu alikimbia barabarani, akasimamisha pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akielekea Haydom. Nilikaa mbele, mtoto kifuani, kichupa chekundu mkononi kimezibwa kwa kidole gumba, na kila pikapu iliporuka shimo nilimtazama midomo. Mwenye pikapu aliniuliza ile ni dawa gani. Nikamwambia anyamaze aendeshe gari.

Daktari alikuwa kijana, wa umri wa binti yangu. "Shikamoo, mama," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa amekwisha kumtazama mtoto na kuacha kunitazama mimi. Nikampa kichupa na karatasi. Nilidhani atanicheka: bibi kizee na dawa za samaki. Hakunicheka. Alimtoa mtoto damu, akalishika bomba kwenye mwanga wa dirisha. Nimeona damu nyingi katika kazi yangu, sikuwahi kuona damu ya namna ile. Ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyoachwa jikoni.

"Maji haya ulichemsha, mama?"

"Nilichemsha sana, daktari," nikasema, na hata wakati ule nilisema kwa kujitetea. "Mpaka yanapungua."

Aliweka bomba chini polepole. Alinieleza kwa heshima, na heshima yake iliniumiza. Moto unaua kitu chenye uhai, akasema, lakini hii naitreti haina uhai. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, na kadiri unavyochemsha ndivyo inavyokolea. Inaingia kwenye damu ya mtoto mchanga na kuifanya ishindwe kubeba hewa. Mtoto alikuwa anavuta pumzi vizuri, hewa haifiki popote.

Wakamwekea oksijeni na dawa ya mshipa, ya buluu kama wino wa shule. Nilisimama ukutani, mikono nyuma kama mshitakiwa. Sikuomba kwa maneno ya kanisani. Nilisema tu, usimchukue, nichukue mimi niliyechemsha. Saa moja haikwisha, kucha zake zikaanza kurudi rangi, kisha midomo, kisha akalia kilio kirefu, cha njaa, kile nilichokuwa sijakisikia kwa wiki nzima. Wauguzi wakacheka. Mimi nikakaa sakafuni, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Binti yangu alifika siku ya pili mchana, na basi linaloleta wagonjwa Haydom, bado na sketi ya chuo. Mume wangu ndiye aliyempigia simu; mimi sikuweza. Alimkuta mtoto amekaa kwenye mapaja yangu, anavuta chuma cha kitanda, midomo myekundu. Akamchukua, akamkagua kila kidole, akamnusa shingo. Kisha akanisalimia vizuri, akaketi kitandani, akataka kujua.

Nikamweleza. Nilianza na zizi na kisima, lakini ili aelewe jinsi tulivyogundua ilinibidi nirudi nyuma, kwa vichupa, na kwa mawe, na kwa wale bakteria na vyumba vyao vya ndani. Na Mungu anisamehe, nilipofika hapo sauti yangu ilichangamka. Nilimweleza jinsi nilivyopima asubuhi na jioni, jinsi nilivyoandika rangi kwenye daftari, jinsi ambavyo wengine wasingeona lakini mimi niliona. Nilikuwa nataka aseme nimemwokoa mtoto. Nadhani nilikuwa nalihitaji neno hilo kuliko chakula.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anafikiri tu, kama mwanafunzi mbele ya swali.

"Maji ya samaki ulianza kuyapima lini, mama?"

"Mwezi wa tano," nikasema.

"Na ya mtoto?"

Mume wangu aliinuka akaenda dirishani. Nilitamani binti yangu apige kelele, anitukane, aniambie maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, ili nami nipate la kumjibu. Alikuwa ananitazama kwa upole, anasubiri, mtoto amemshika kola.

"Jana," nikasema.